Nani Anaruhusiwa Kuvuta Kamba?

Katika korido za ofisi nyingi za umma nchini kwetu, na katika wodi za hospitali zetu, imebandikwa karatasi yenye maneno matano yanayoanza kwa herufi S: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Wapo watumishi wanaoyataja kwa mpangilio bila kujikwaa, kama mtoto anavyotaja siku za juma. Ukiwauliza yalitoka wapi, watakujibu kwamba yalitoka Japani. Ukiwauliza kwa nini yalifaa huko, na yalizaliwa katika mapambano gani, wengi hunyamaza. Ukimya huo ndio ulionisukuma kuandika makala haya.

Hoja yangu ni moja. Utaratibu wa kutatua matatizo kazini una historia, na historia hiyo ni ya kisiasa. Nyuma ya kila fomu na kila duara lenye mishale kuna swali la madaraka: nani ana haki ya kusimamisha kazi na kusema kwamba hapa pana kasoro, na atafanywa nini akishasema? Waliolijibu swali hilo kwa uwazi walivuna matunda ya utaratibu. Waliolikwepa walibaki na karatasi ukutani.

Ukurasa wa mwaka 1924

Tarehe 16 Mei 1924, mwanafizikia Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric ya Marekani, alimwandikia mkubwa wake waraka mfupi wa takriban ukurasa mmoja. Kampuni hiyo ilitengeneza simu na vifaa vyake, na ilisumbuliwa na tatizo linalojulikana kwa kila mwenye kiwanda: bidhaa zilizotengenezwa kwa mashine ile ile, na kwa mikono ile ile, hazikuwa sawa. Desturi ya wakati huo ilikuwa kukagua bidhaa mwishoni, kutupa mbovu, kisha kumtafuta wa kulaumiwa. Shewhart alipendekeza mchoro mdogo wenye mistari ya mipaka, ambao ungemwonyesha msimamizi ni lini tofauti kati ya bidhaa na bidhaa ni ya kawaida, na ni lini ina chanzo cha pekee kinachopaswa kutafutwa.

Maana ya mchoro ule ataielewa upesi kila anayekwenda kazini kwa daladala. Leo safari imechukua dakika 40, kesho 47, keshokutwa 43. Hakuna sababu moja ya kuitafuta. Taa za barabarani, abiria wanaopanda na kushuka, na wingi wa magari vimechangia kila kimoja kwa kiasi chake. Lakini siku daraja likifunikwa na maji na safari ikachukua saa mbili na nusu, chanzo kipo na kinaonekana. Aliye na busara hamgombezi dereva kwa zile dakika saba za ziada, wala hakai kimya siku daraja lilipozama. Shewhart alitambua kwamba viwanda vingi vilikuwa vikifanya kinyume. Vilichukulia kila tofauti ndogo kuwa kosa la mtu, kisha vikazizoea hitilafu kubwa kana kwamba ni hali ya hewa.

Katika kitabu chake cha mwaka 1939, Shewhart aliongeza jambo la pili. Alieleza kwamba kuainisha kinachotakiwa, kukitengeneza na kukikagua si hatua tatu za mstari ulionyooka unaokwenda na kuishia. Ni duara. Matokeo ya ukaguzi yanarudi kwenye mpango, na mpango unaandikwa upya. Aliulinganisha mzunguko huo na kazi ya mwanasayansi anayeweka dhana, anafanya jaribio, kisha anaipima dhana yake. Hapo ndipo lilipochipuka lile duara ambalo leo tunafundishwa katika kila warsha: panga, tenda, hakiki, rekebisha.

Mlinganisho huo una uzito usioonekana haraka. Ikiwa kila mpango wa kazi ni dhana, basi mpango unaweza kuwa na makosa, na aliyeupanga hana budi kukubali kusahihishwa na matokeo. Katika ofisi ambamo mpango ni amri, duara haliwezi kuzunguka. Linakwama kwenye neno la kwanza.

Shanga nyekundu

Aliyelivusha wazo hili bahari alikuwa W. Edwards Deming, mtakwimu aliyezaliwa mwaka 1900 katika jimbo la Iowa. Alifanya kazi na Shewhart, akamsaidia kuandaa kile kitabu cha 1939, na wakati wa vita akawafundisha wahandisi wa Marekani njia za takwimu. Vita vilipokwisha, viwanda vya Marekani viliiweka elimu hiyo kando. Dunia nzima ilikuwa na njaa ya bidhaa, na kila kilichotengenezwa kilinunuliwa. Mwenye duka ambaye wateja wake hawana pengine pa kwenda huwa hana sababu ya kuwasikiliza.

Japani ilikuwa katika hali tofauti kabisa. Miji yake ilikuwa imeteketea, nchi ilikuwa chini ya majeshi ya Marekani, na bidhaa zake zilijulikana kwa ubovu. Mwaka 1950 Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi wa Japani ulimwalika Deming kufundisha. Alifundisha mamia ya wahandisi. Hata hivyo, mkutano aliouthamini zaidi ulikuwa ule wa mwezi Julai mjini Tokyo, alipoketi na wakuu wa viwanda vikubwa. Alikuwa amejifunza kutokana na yaliyotokea kwao kwamba mhandisi aliyeelimika chini ya mkurugenzi asiyeelewa ni sawa na mbegu juu ya jabali. Mwaka uliofuata Wajapani walianzisha tuzo yenye jina lake. Wao wenyewe waliyaendeleza mafundisho yake. Kaoru Ishikawa, mhandisi na profesa, alibuni mchoro wa vyanzo unaofanana na mifupa ya samaki, na kuanzia mwaka 1962 akasukuma vikundi vya wafanyakazi wa chini vilivyokutana kujadili kasoro za kazi yao.

Marekani ilimgundua Deming baada ya miaka 30, televisheni ya NBC ilipomwonyesha mwezi Juni 1980 katika kipindi kilichouliza kwa nini Japani inaweza na Marekani ishindwe. Alikuwa na umri wa miaka 79. Katika semina zake za miaka hiyo alipenda kufanya mchezo mmoja ambao ningetamani kila katibu mkuu na kila mkurugenzi wa halmashauri aushiriki.

Alichukua sanduku lenye shanga 4,000: nyeupe 3,200 na nyekundu 800. Aliwaita watu kutoka ukumbini, akawaajiri kama wafanyakazi. Kila mmoja alipewa kibao chenye vishimo 50, akatakiwa kukizamisha sandukuni na kutoka na shanga. Nyeupe ni bidhaa nzuri, nyekundu ni mbovu. Mmoja alitoka na nyekundu 6, mwingine 13. Deming alimsifu wa kwanza na kumpa nyongeza ya mshahara. Wa pili alikaripiwa. Katika zamu iliyofuata yule hodari alitoka na nyekundu 12, naye akashutumiwa kwamba amelewa sifa. Yule mvivu alipata 8, ikatangazwa kwamba karipio limemsaidia. Kaulimbiu zikabandikwa ukutani. Mwishowe wafanyakazi "wabovu" walifukuzwa, na waliobaki wakaambiwa wafanye zamu mbili. Wastani wa shanga nyekundu haukubadilika, kwa kuwa sanduku halikubadilika.

Ukumbi ulikuwa ukicheka, kisha kicheko kikaisha watu walipotambua kwamba wanacheka maisha yao wenyewe. Deming alikadiria kwamba asilimia 94 ya matatizo kazini hutokana na mfumo, na mfumo ni wajibu wa uongozi. Asilimia 6 tu ndiyo yenye vyanzo vya pekee. Kwa sababu hiyo aliipinga hadharani tathmini ya kila mwaka inayompa kila mtumishi alama zake, na katika nukta zake 14 kwa viongozi aliweka moja inayowataka waondoe hofu kazini. Hakuiweka kwa huruma. Aliiweka kwa sababu ya kitakwimu: mtu mwenye hofu hutoa takwimu za uongo, na juu ya takwimu za uongo hakuna utaratibu wowote wa utatuzi unaoweza kusimama.

Sisi nasi tulianzisha mwaka 2004 Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, unaojulikana kwa kifupi cha OPRAS, na baadaye tukauhamishia kwenye mifumo ya kielektroniki. Namwachia msomaji ajiulize kama tumekuwa tukipima sanduku au tukipima mikono.

Mgomo uliozaa utaratibu

Kampuni inayotajwa zaidi katika habari hizi ni Toyota, na hadithi yake husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya hekima ya Mashariki. Ukweli una jasho zaidi. Mwanzilishi wa ukoo huo wa viwanda, Sakichi Toyoda, alikuwa mtengenezaji wa mitambo ya kufumia nguo. Kitanda chake cha kufumia cha mwaka 1924 kilijisimamisha chenyewe uzi ulipokatika. Kabla ya hapo mfumaji alilazimika kukikodolea macho kitanda chake, la sivyo kingeendelea kufuma nguo mbovu. Sasa mfumaji mmoja aliweza kusimamia vitanda vingi, kwa kuwa mashine yenyewe ilimwita. Kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki za hataza hiyo mwaka 1929. Wazo lililokuwa ndani ya kitanda kile ni kwamba kasoro ikitokea kazi isimame hapo hapo, isipelekwe mbele kwa mwingine.

Mwanawe, Kiichiro, alianzisha kampuni ya magari mwaka 1937. Baada ya vita, sera kali za kubana matumizi zilizowekwa mwaka 1949 chini ya usimamizi wa Wamarekani ziliifanya kampuni ikaribie kufilisika. Mabenki yalitaka wafanyakazi wapunguzwe. Uongozi ulikuwa umeahidi kutowapunguza, na sasa ukavunja ahadi. Mwezi Aprili 1950 wafanyakazi waligoma, na mgomo ukaendelea hadi Juni. Zaidi ya watu 1,500 waliondoka kazini, na Kiichiro Toyoda naye akajiuzulu uongozi wa kampuni aliyoiasisi. Wiki chache baadaye vita vya Korea vilizuka, na maagizo ya malori ya jeshi la Marekani yakaiokoa kampuni.

Kutokana na jeraha hilo yalizaliwa maafikiano ambayo vitabu vya menejimenti huyapitia haraka. Waliobaki walihakikishiwa ajira ya muda mrefu, nao wakakubali kubadilishiwa majukumu na kushiriki katika kuboresha kazi. Mwaka 1951 kampuni ilianzisha mpango wa kupokea mawazo ya wafanyakazi, na mwaka 1962 uongozi na chama cha wafanyakazi walitia saini tamko la pamoja la kuaminiana. Tusiyapambe mno maafikiano hayo. Yalikuja wakati vyama vya wafanyakazi vyenye msimamo mkali vilikuwa vikivunjwa kote Japani. Cha Nissan kilishindwa katika mgomo mkubwa wa mwaka 1953. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: mfanyakazi anayejua kwamba hatafukuzwa kesho hana sababu ya kuficha kasoro ya leo, wala haogopi kutoa wazo litakalopunguza kazi yake.

Juu ya msingi huo Taiichi Ohno alijenga mfumo wa uzalishaji alioueleza katika kitabu chake cha mwaka 1978. Mfano wake wa kuuliza "kwa nini" mara tano umesafiri dunia nzima. Mashine imesimama. Kwa nini? Fyuzi imekatika kwa kuzidiwa mzigo. Kwa nini ilizidiwa? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haikuwa ikivuta vizuri. Kwa nini? Shafti ya pampu imelika. Kwa nini imelika? Hapakuwa na chujio, na chenga za chuma zikaingia ndani. Aliyeishia kwenye swali la kwanza atabadilisha fyuzi, na mwezi ujao atabadilisha nyingine. Aliyefika la tano ataweka chujio.

Angalia kwamba katika mnyororo ule wote hakuna jina la mtu. Ohno hakuuliza "nani". Na kando ya mstari wa kuunganisha magari palikuwa na kamba, ambayo mfanyakazi yeyote aliyeona kasoro aliruhusiwa kuivuta. Taa iliwaka, msimamizi akaja mbio kusaidia, na kama kasoro haikuondolewa kwa muda uliowekwa, mstari ulisimama. Katika viwanda vya Marekani vya wakati huo, kusimamisha mstari kulikuwa karibu sawa na kosa la jinai. Kasoro iliachwa ipite, ikatengenezwe mwishoni au barabarani.

Fremont: watu wale wale

Je, hayo yalitokana na utamaduni wa Kijapani? Historia ilitupatia jaribio lililokaribia kuwa la maabara. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda katika mji wa Fremont, California, kilichohesabiwa miongoni mwa vilivyo vibaya kuliko vyote. Utoro ulikuwa ukifika asilimia 20. Malalamiko yaliyosubiri kuamuliwa kati ya chama na uongozi yalihesabika kwa maelfu. Wafanyakazi wakilewa kazini, wengine wakiharibu magari kwa makusudi kwa hasira. Mwaka 1982 kilifungwa.

Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia kati ya General Motors na Toyota, kwa jina la NUMMI. Toyota iliendesha kazi. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi walikuwa wale wale wa zamani, chini ya chama kile kile, UAW. Mamia miongoni mwao walipelekwa Japani kujifunza. Waliporudi walikuta kiwanda ambacho madaraja ya kazi zaidi ya 80 yalikuwa yamepunguzwa yakabaki machache, wakubwa hawakuwa na maegesho wala mkahawa wao peke yao, na kando ya mstari palikuwa na kamba. Katika muda wa miaka miwili magari yao yalikaribia ubora wa yale yaliyotengenezwa Japani, na utoro ulishuka sana.

Kulikuwa na kifungu katika mkataba ambacho wageni waliokuja kutembea hawakukiona, kwa kuwa hakibandikwi ukutani. Kampuni iliahidi kutopunguza wafanyakazi isipokuwa hali ya uchumi ihatarishe uhai wake, na kabla ya kufika hapo mishahara ya wakubwa ingepunguzwa kwanza. Mwaka 1988 mauzo yalipoporomoka na kiwanda kikawa kinafanya kazi chini sana ya uwezo wake, ahadi ilijaribiwa. Hakuna aliyeachishwa kazi. Wafanyakazi waliokosa la kufanya mstarini walipelekwa mafunzoni, na wengine walipangiwa kazi za kuboresha kiwanda. Tangu siku hiyo kamba ilikuwa na maana.

General Motors ilituma mameneja wengi Fremont kujifunza, kisha ikajaribu kuipanda mbegu ile kwingineko. Katika kiwanda chake cha Van Nuys, jirani na Los Angeles, mfumo wa vikundi uliletwa mwaka 1987 huku tishio la kufungwa kiwanda likining'inia juu ya vichwa vya wafanyakazi. Chama kiligawanyika, wasimamizi waliogopa kupoteza mamlaka yao, na mstari uliendelea kuwa kitu kisichosimamishwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 1992. Vifaa vilinakiliwa, maneno yalinakiliwa, ahadi haikunakiliwa.

Upande wa pili wa shilingi

Mwanahistoria mwaminifu hapaswi kuishia kwenye sifa. Mwandishi Satoshi Kamata alifanya kazi Toyota kama kibarua wa msimu mnamo mwaka 1972 na 1973, na kitabu alichokitoa baadaye kilieleza kasi inayochosha mwili hadi usingizi, mabweni yanayolindwa kama kambi, na vibarua wasio na ile ajira ya kudumu inayosifiwa. Nchini Marekani, Mike Parker na Jane Slaughter walitoa mwaka 1988 uchambuzi uliodai kwamba mfumo huu huendesha kazi kwa kuiweka kila wakati ukingoni mwa kushindwa. Kila muda wa kupumua unahesabiwa kuwa upotevu, na wazo la mfanyakazi linageuzwa kuwa kamba ya kumfunga mwenyewe.

Ukosoaji huu ni wa kweli, nao unaiimarisha hoja yangu. Utaratibu ule ule unaweza kuwa chombo cha mfanyakazi kusema, au chombo cha kumnyonya hata maarifa yake. Kinachoamua ni nani anayefaidika na dakika iliyookolewa, na kama anayesema analindwa. Kibarua wa msimu hakuwa na kinga ya mwajiriwa wa kudumu, ingawa walisimama kando ya mstari mmoja.

Kwetu

Watanzania hatukuhitaji kungoja Japani ituulize maswali haya. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuanzishwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata TANU ilitoa Mwongozo, ambao katika ibara yake ya 15 uliwakataza viongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko walioandika walivyotarajia. Katika miaka iliyofuata waligoma, waliwafungia mameneja nje ya milango, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikichukua kiwanda ili wakiendeshe wenyewe. Issa Shivji ameandika historia hiyo, na kila mwanafunzi wa sayansi ya siasa anapaswa kuisoma. Katika matukio kadhaa jibu lililotolewa lilikuwa polisi, kufukuzwa kazi na kurudishwa makwao. Kamba ilivutwa, na mkono ulioivuta ukakatwa. Mabaraza yalibaki, na yapo hadi leo, lakini somo lilikuwa limekwisha kueleweka.

Ndiyo maana nasita ninaposikia kwamba shida yetu ni kukosa mbinu. Mwaka 2007, kwa msaada wa Japani, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia zile S tano, kwa mfano uliotoka katika Hospitali ya Wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka. Baadaye utaratibu huo ulienea katika hospitali nyingi. Sidharau hata kidogo kazi ya wauguzi waliosasambua stoo zilizojaa vitanda vibovu, wakapanga dawa ili ionekane ipi inakaribia kwisha. Mgonjwa anayehudumiwa kwa dakika tano badala ya ishirini haulizi wazo lilitoka bara gani. Lakini kupanga rafu ni mlango tu wa nyumba. Ndani ya nyumba ndimo yanamoulizwa yale maswali matano.

Nitasimulia jambo moja ambalo si la fahari kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ndogo iliyotakiwa kuchunguza kwa nini majalada yalikuwa yakipotea katika taasisi moja, ambayo sitaitaja. Nilipendekeza tutumie njia ya Ohno, na wenzangu wakakubali. Jalada limepotea: kwa nini? Lilitoka masjala bila kuandikwa daftarini. Kwa nini? Mhudumu alitumwa kulichukua haraka, hakusubiri liandikwe. Kwa nini karani alimruhusu? Kwa sababu aliyemtuma alikuwa mkubwa. Kwa nini karani asimwombe mkubwa huyo atie saini? Kwa sababu mwenzake aliyewahi kufanya hivyo aliandikiwa barua ya kujieleza kwa utovu wa nidhamu. Tukafika kwenye swali la tano, na chumba kikanyamaza. Mwenyekiti wetu, mtu mwema, alifunga daftari lake na kusema kwamba muda umekwenda.

Taarifa yetu ilipendekeza makarani wa masjala wapewe mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu, na karani aliyehusika apewe onyo. Nilitia saini. Mafunzo yalifanyika, karatasi za S tano zikabandikwa masjala, na majalada yaliendelea kupotea. Tulibadilisha fyuzi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hao hao walitufundisha kufunika kombe mwanaharamu apite. Utumishi wetu umeishi kati ya methali hizi mbili, na kwa muda mrefu ya pili ndiyo imekuwa kanuni isiyoandikwa.

Maswali kabla ya warsha ijayo

Kwa mwanafunzi anayesoma menejimenti, kwa mwanaharakati anayedai uwajibikaji, na kwa mtumishi atakayealikwa kwenye warsha ijayo, napendekeza maswali matatu kabla ya kufungua kalamu. La kwanza: mtumishi wa ngazi ya chini kabisa katika ofisi hii anaweza kusimamisha nini, na ni lini mara ya mwisho alikisimamisha bila kuadhibiwa? La pili: tunapochunguza kasoro, swali letu la kwanza ni "kwa nini" au ni "nani"? La tatu: mnyororo wa maswali ukipanda ngazi kuelekea kwa wakubwa, huruhusiwa kufika ghorofa ya ngapi?

Baraza la wafanyakazi ndipo mahali pake. Lipo kisheria, lina wajumbe wa kuchaguliwa, na mara nyingi hukutana kupitisha bajeti na kupiga picha ya pamoja. Hakuna kinachozuia ajenda yake kubeba, kila linapokutana, kasoro moja iliyoulizwa mara tano, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba aliyeileta hataandikiwa barua. Hilo halihitaji mfadhili wala mtaalamu mwelekezi. Linahitaji mkubwa mmoja aliye tayari kutia saini daftari la masjala mbele ya karani wake.

Na mimi niliyetia saini taarifa ile naanzia kwangu. Mlango wa idara yangu una karatasi ya S tano. Chini yake nimeandika kwa mkono swali la tano tulilolikimbia siku ile.